Ua la Mlango wa Karatasi

Kila asubuhi naanza na madirisha. Nafuta mvuke ulioganda kwenye vioo, nageuza soksi zilizoanikwa karibu na jiko la mafuta, kisha nawamenyea watoto wa mume wangu machenza. Asubuhi ile nilikuwa kwenye chenza la pili kidole kilipotokeza katikati ya mlango wa karatasi iliyobandikwa kwenye miraba ya fremu ya mbao, kikanipungia.

"Nagi," nikaita.

"Si mimi. Ni funza," sauti ikajibu upande wa pili.

Theluji ilikuwa imefunga barabara, na chekechea pia. Nagi na mdogo wake Uta walishajenga mapango kwa matandiko yote ya nyumba, wakagombana katika kila pango. Nikakumbuka kwetu: mwisho wa mwaka, kabla ya kubandika karatasi mpya, milango huachiwa watoto waitoboe watakavyo.

"Basi toboeni," nikasema. "Yote."

Wakanitazama kama nimeugua. Kisha Uta akapitisha kichwa kizima.

"Bibi atakukaanga," Nagi akaniambia kwa furaha, huku akitoboa.

Hapo nikaingiwa na hofu. Mama Fumie, mama wa mume wangu, alikuwa kwa jirani. Tangu niolewe vuli iliyopita amenitunza kama mgeni: kaa, Bi Sayo, pumzika, Bi Sayo. Hata sufuria haniachii nioshe. Nilitamani anikaripie walau mara moja, nijue nami ni wa nyumbani.

Aliporudi, mlango ulikuwa umebaki fremu tupu, isipokuwa mraba mmoja wa chini. Nagi alikuwa ameukinga kwa mgongo.

"Hapa hapana," alisema. "Ni ua la Mama."

Ndipo nikaliona: kiraka chenye umbo la ua, ambacho marehemu mama yao alikibandika juu ya tundu la zamani. Nikapiga magoti mbele ya Mama Fumie.

"Nisamehe, Mama. Sikujua."

Mama Fumie akaketi bila kuvua koti, akaligusa lile ua. "Tangu mama yao afariki sijaibadilisha, nasema karatasi bado nzima," alisema. "Nzima wapi."

Akalikata ua taratibu kwa kisu, akampa Nagi. Kisha akanisogezea bakuli la uji wa kubandikia niliokuwa nimeupika watoto wakitoboa.

"Koroga. Mbona una mabonge hivi? Kwenu hamkufundishwa? Na huyo Uta mtoe karatasi puani."

Nikakoroga, nimeinamisha uso asione ninavyotabasamu.

"Sayo," akasema, safari hii bila Bi. "Nilikufanya mgeni ili ukiondoka nisiumie. Usiondoke, mwanangu."