Turubai Nyembamba

Lusia alianguka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katikati ya duka la vinyago alimokuwa akiuza pale Karatu. Hadi wanamfikisha hospitali, moyo ulishasimama. Daktari alimwambia mama yake, Selestina, kwamba binti hakuwa na kitu tumboni isipokuwa chai ya kupunguza mwili.

Selestina hakushangaa. Mwaka mzima alikuwa akimwona mwanawe anageuza makande kwenye sahani mpaka yanapoa, kisha anawamwagia kuku. Yalianza siku Adrian, mchoraji wa dukani, alipomvisha shuka na shanga za Kimaasai, yeye Mwiraqw wa watu, akamchora. Picha ilitoka ndefu, kiuno kama fimbo, na wageni wakaipenda. Wenzake wa dukani walimsimamisha kando ya picha, wakacheka kwamba huyu amemmeza yule. Jioni hiyo aliichukua picha hadi nyumbani Rhotia, akamwonyesha mama yake.

"Huyu ni mimi, mama. Bado sijafika tu."

Baada ya matanga Selestina alitafuta picha ya kuweka kwenye msalaba. Za shule Lusia alikuwa amezichoma mwenyewe. Za kwenye simu zilikuwa mamia, na zote alikuwa amezipunguza: mashavu yamefutwa, mikono imekondeshwa, ngozi imeng'arishwa. Haikuwepo hata moja ambayo mama angesema ni mwanawe. Basi akamfuata Adrian, akamwomba amchore Lusia kama alivyokuwa, na mashavu yake, na ile mikono minene ya kupukuchua mahindi.

Adrian alijaribu mara tatu. Mara zote tatu akatoka yuleyule mwembamba. Mwisho akaweka brashi chini.

"Mama, turubai hizi za kuchorea tunazikata nyembamba ili zikiviringishwa ziingie kwenye begi la mgeni. Miaka kumi nachora watu waenee humo. Mkono umeshazoea."

Selestina aliitazama ile ya tatu, rangi yake bado mbichi.

"Kumbe mwanangu amekufa akijipima na begi."

Adrian aliinuka. Alitaka kumsindikiza hadi stendi. Mama akamwambia akae na kazi yake.

Picha zote tatu ziliuzwa kabla ya mwezi kwisha. Msalaba wa Lusia una jina na tarehe mbili. Hauna picha.