Jumapili za Kulitafuta Shuka

Ukimwambia kijana wa leo kwamba watu wazima, wenye akili zao timamu, walikuwa wakikaa saa mbili mbele ya runinga kutazama mechi isiyoonekana, atakuuliza kama umemeza dawa zako. Lakini ndivyo ilivyokuwa Argentina miaka ile, na Yanina Bressán hajawahi kuionea aibu. Mabao yalikuwa mali ya kipindi cha Jumapili usiku, na mpaka kianze, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuonyesha mpira hata ukidunda. Basi kipindi cha mchana kilipeleka kamera uwanjani kikazipa nyasi mgongo. Mtangazaji alisimulia mchezo, na nyumbani mkaona jukwaa tu: watu wakisimama, wakikaa, wakishika vichwa, wakitafuna kucha. Ukiona kipara kimoja kimekumbatiwa na watu sita, ujue bao limeingia.

Wengi walilalamika. Nyumbani kwa Bibi Delfina, kule Colonia Tala, hakulalamika mtu, maana wao mpira wenyewe hawakuwa na shida nao. Walikuwa wakimtafuta Osmar.

Osmar alikuwa mtoto wa pekee wa Bibi Delfina, naye ndiye baba yake Yanina. Mama yake Yanina alifariki mtoto hajaota hata jino. Baridi kali ilipoua michungwa waliyoitegemea, Osmar akaenda Buenos Aires kujenga maghorofa ya watu, mwendo wa saa saba kwa basi, akawa wa kuonekana Krismasi na Pasaka. Lakini alikuwa shabiki wa timu ya Dársena, na Dársena ilipocheza nyumbani, yeye hakukosa. Huko jukwaani watu hutundika mashuka yenye majina ya mitaa na miji yao, na Osmar alitundika la kwao. Lilikuwa shuka la kitanda cha Bibi, limeandikwa COLONIA TALA kwa rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka milango. Aliyeandika ni Yanina, akiwa na miaka sita, tena bila kupima, ndiyo maana herufi ya mwisho ilibanwa pembeni kama abiria aliyechelewa.

Jumapili hizo zilikuwa na utaratibu wake. Ravioli, vile vifuko vya unga vilivyojazwa malenge, saa sita kamili, na vyombo viachwe hivyo hivyo. Yanina akapanda kwenye kiti kushika antena, Bibi akaweka jikoni maji ya mate, ile chai chungu ya majani wanayoinywa kwenye kibuyu.

"Zungusha kidogo. Kidogo, nimesema, si unaendesha trekta. Hapo hapo. Usipumue."

"Bibi, nitakufa."

"Utakufa baada ya mechi."

Kisha Bibi akavuta kiti, akashika kibuyu chake cha mate, akaanza kuzungumza na mpiga picha, mtu asiyemjua wala kuwahi kumwona. "Haya mwanangu, usiwe na pupa. Nenda kushoto. Huyo mwenye trumpeti tulishamwona, muache. Kushoto." Na wallahi ungedhani yule mtu anasikia, kwani kamera ilikwenda kushoto polepole, ikapita kofia na mabendera, mara likatokea shuka na ile herufi yake iliyobanwa. Chini yake Osmar akavua kofia, akaivaa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yao: nipo, mzima, nawakumbuka.

"Amekonda," Bibi akasema.

"Bibi, anaonekana kama punje ya mchele. Umejuaje?"

"Nimemzaa mimi. Amekonda."

Halafu akaigeukia runinga. "Mungu akutunzie mikono yako, mwana wa mwenzangu." Hakuwahi kuisahau dua hiyo. Yanina aliizoea hata akadhani ni sehemu ya kipindi, kama ule muziki wa mwanzo.

Jumanne simu ililia kwenye duka la mikate la Ercilia, ng'ambo ya barabara, na Osmar aliuliza lile lile moja. "Mmeniona?" Bibi akajibu kwamba wamemwona na kwamba lile koti linahitaji kifungo.

Yanina alikuwa na miaka tisa Dársena ilipokwenda kucheza kwa mahasimu wao, Barranca. Kamera ilikuwa kwa wenyeji siku hiyo, Bibi na Yanina walitazama kwa mazoea tu. Ikapita kwenye uzio, ikaliona shuka jeupe lenye maandishi ya buluu. Lilikuwa limetundikwa kichwa chini miguu juu.

Nchi ile hata mtoto wa chekechea anajua maana yake. Shuka likipinduliwa, limeibwa. Ni ngawira, wanaringiwa nalo wenyewe. Bibi aliweka kibuyu chini pole pole. Yanina akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa bega, asome vizuri, labda ni mji mwingine. Ile herufi iliyobanwa ilikuwa pale pale.

Ercilia aliingia bila kubisha, mikono imejaa unga. "Delfina, umeona? Tumebinuliwa mji mzima."

"Nina macho, Ercilia."

"Na Osmar je?"

"Nimekwambia nina macho. Sijamwona."

Jumanne simu haikulia. Ya pili yake haikulia. Bibi alituma barua kwenye nyumba aliyopanga Osmar, ikarudi na maneno ya mwenye nyumba: amehama, hakuacha anwani. Yanina akaanza kulala na mto aliolalia baba yake akija, wenye harufu yake, ingawa harufu yenyewe ilikuwa imeshaisha zamani. Alihofia jambo moja tu, na alilisema waziwazi akimsaidia Bibi kumenya malenge: "Bibi, baba hatarudi tena?" Bibi akaendelea kumenya.

Jumanne ya tatu Ercilia aliita kutoka mlangoni. Kwenye simu hakuwa Osmar, alikuwa Peralta, bonge la mtu aliyesimamia uzio wa Dársena, nani atundike wapi.

"Mama, mwanao mzima, usiwe na presha. Alisinzia kwenye treni akitoka kazini, begi lenye shuka liko miguuni. Kuamka, begi hakuna."

"Mmemfukuza?"

"Nani amfukuze? Kajifukuza mwenyewe. Anasema shuka lilikuwa lako na maandishi ni ya binti yake, ataipeleka wapi sura yake? Kahama, kabadilisha kazi, hata mimi sijui aliko."

Ercilia akajifanya anapanga mikate.

"Mechi anaangalia?" Bibi akauliza.

"Mama, nani asiyeangalia?"

"Jumapili ijayo niwekee nafasi kwenye uzio. Katikati."

Kumbe alikuwa ameshaamua. Siku hiyo hiyo alifungua sanduku akatoa shuka la harusi yake, la kitani, lenye darizi pembeni, ambalo hata marehemu babu alililalia usiku mmoja tu kisha likafungiwa. Akalitandaza sakafuni.

"Bibi, hili si la kuchezea."

"Nani anacheza? Leta rangi."

"Niandike Colonia Tala?"

"Mji anaujua, hajausahau." Bibi alifikiri kidogo, mikono kiunoni. "Andika ninavyomwitaga akiwa uani. Osmar, chakula kinapoa."

Yanina alicheka mpaka akakaa chini. Alipoona Bibi hacheki, akachukua uzi, safari hii akapima kwanza, herufi kwa herufi.

Jumapili walipanda basi la alfajiri. Shuka kwenye mfuko, na mapajani mwa Bibi sufuria la ravioli limefungwa blanketi. Dereva akataka liwekwe chini kwenye mizigo, Bibi akamwambia yeye ashughulike na usukani. Saa nane mchana walikuwa uwanjani. Peralta aliwapokea, akalikunjua shuka, akalisoma, akalisoma tena. Wanaume waliokuwa pembeni wakaanza kuangua kicheko, naye akawageukia.

"Anayecheka leo atakwenda kucheka nje."

Akalitundika mwenyewe, kamba tano, akilinyoosha kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Hapo ndipo Yanina alipomwona mpiga picha kwa mara ya kwanza. Alikuwa juu ya jukwaa la mabomba ya chuma, kijana mwembamba mwenye miwani, anatafuna mbegu za alizeti. Ameipa mechi mgongo. Maelfu ya watu wanatazama nyasi, yeye peke yake anawatazama wao. Yanina alishangaa kwamba ni mtu tu, mwenye viatu vichafu, wala si mkubwa kama alivyomdhania.

Mechi ilianza. Kamera ikaenda kulia, ikaenda juu, ikamng'ang'ania mzee aliyekuwa akisali. Dakika ishirini, dakika thelathini, shuka lao lisiguswe. Yanina alihisi machozi yanakuja. Bibi hakuyumba, ameshika sufuria, ananong'ona kama yuko nyumbani. "Kushoto, mwanangu. Taratibu. Kushoto."

Kamera ikaja kushoto. Ikalipita shuka, ikaenda hatua kama tano, ikasita. Ikarudi. Kijana aliacha kutafuna, akainua macho kutoka kwenye kioo chake, akasoma kwa macho yake mwenyewe, kisha akamwona ajuza mwenye koti jeusi na sufuria, na mtoto pembeni yake. Akarudisha jicho kwenye kamera, wala hakuiondoa tena pale.

Yaliyotokea kwingine waliyasikia baadaye. Ercilia, aliyejaza watu dukani mbele ya runinga yake, alisimulia kwamba mtangazaji alilisoma mara ya kwanza akacheka, mara ya pili sauti ikabadilika, akasema, "Osmar, popote ulipo, ndugu yangu, umesikia." Na penalti ikapigwa bila kutangazwa, watu wakajua kwa kelele tu. Osmar mwenyewe alikuwa kwenye duka la piza, mitaa kumi na moja kutoka pale, amekaa pembeni pamoja na mafundi wenzake wapya, hajamwambia mtu anatoka wapi. Aliyemshtua ni mhudumu.

"Jamani, huyu Osmar ni nani anayeitwa na mama yake nchi nzima?"

Osmar akainua macho. Miaka yote wao ndio waliokuwa wakimtafuta kwenye kioo kile; siku hiyo alitazama yeye, na waliokuwa chini ya shuka ni mama yake na mwanawe. Aliacha piza, akaacha na koti.

Huko viwanjani milango hufunguliwa dakika za mwisho, watu waanze kutoka. Wote wakitoka, mmoja akawa anaingia, anasukumana, anaomba radhi. Yanina alimwona akiwa ngazi mbili chini yao, amesimama, kofia mkononi, anatazama viatu vyake. Hakuweza kupanda ngazi hizo mbili.

"Mama," alisema, "nilisinzia kwenye treni."

"Najua. Hata udogoni ulikuwa unalala popote. Kanisani ulilala."

"Shuka lako, mama. Maandishi ya mtoto."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Shuka lenyewe lilikuwa na tundu. Panda, ukae."

Akapanda. Yanina hakungoja akae, alimrukia shingoni akamning'inia, na Peralta akajikuta ana jambo la haraka la kuangalia upande wa pili. Kisha mtoto alimnyang'anya baba yake kofia, akaitazama kamera, akaivaa, akaivua, akaivaa tena, na kule Colonia Tala, Ercilia anasema, duka zima lilipiga makofi, hadi Don Anselmo, mzee ambaye hana urafiki na mtu.

Yanina sasa ana watoto wake, na runinga inaonyesha mabao yote, mpaka ya timu za nchi asizozijua. Jina la yule kijana mwenye miwani hakulipata kamwe. Lakini kila Jumapili, kamera ikiacha mpira kidogo ikawapitia watu jukwaani, anaacha anachofanya na kumwombea dua ile ile ya Bibi, mikono yake itunzwe. Anamshukuru kwa kurudi zile hatua tano. Mtu angeweza kupita tu, na asingelaumiwa.

Siku ile Bibi mwenyewe alisimama, akaipa mechi mgongo, akamwinulia yule kijana uma. Naye akainua mkono wake mmoja, wa pili ukiwa kazini. Ndipo Bibi akakaa, akafungua blanketi, akafunua sufuria, akachovya kidole kwenye mchuzi.

"Kimepoa," akasema.

Osmar alikula hivyo hivyo, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ravioli, asiache hata moja. Bibi alimtazama kwa karibu, mashavu, shingo, vifundo vya mikono, kama mtu anayekagua embe sokoni. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Unaona? Si nilikwambia amekonda."