Mchango wa Kumpumzisha Alma

Jumanne ni siku ya wazee kupunguziwa bei katika duka la mitumba la Oakdale, kwa hiyo piano ilipoletwa Nkirote alikuwa ameelemewa na foleni na hakuweza kwenda kuipokea. Wanaume wawili waliishusha kwenye pikapu, wakaisukuma hadi kati ya makochi na rafu ya mapambo ya Krismasi, wakadai risiti yao ya msaada, ya kupunguziwa kodi, wakaondoka. Ilikuwa piano nyeusi ya kusimama ukutani, na kiti chake kilikuwa cha kufunuka kama sanduku. Foleni ilipopungua Nkirote alikifunua kabla ya kubandika bei, maana watu wa Minnesota husahau mambo mazito ndani ya vitu wanavyotoa. Aliwahi kukuta meno ya bandia, na siku nyingine majivu ya mbwa yaliyoandikwa jina la mbwa.

Humo ndani mlikuwa na karatasi za muziki, bunda zima, zote za wimbo mmoja, zimefungwa kwa kamba ya katani. Kwenye jalada alichorwa msichana mwenye kofia pana amesimama njia panda, na juu yake jina la wimbo: Nisubiri Tramu Inapokata Kona. Chini, kwa herufi kubwa kuliko za jina la wimbo, paliandikwa Dahlgren na Wanawe, Wachapishaji, Saint Paul. Nkirote aliikata kamba, akazipanga nakala juu ya piano na kuzibandikia bei.

Alipogeuka, mwanamke alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Alivaa blauzi nyeupe ya kola ndefu na sketi ya buluu iliyofika kwenye vifundo vya miguu. Alipangusa piano kwa leso, akapiga wimbo ule na kuuimba mwanzo hadi mwisho, kisha akauanza tena. Alikuwa amekufa. Hilo halikuhitaji kuulizwa, kwa sababu kila alipopanda sauti ya juu kochi la nyuma yake lilionekana kupitia mabegani, pamoja na bei yake. Mzee mmoja mwenye kofia ya timu ya hoki alisimamisha toroli akasikiliza, akachukua nakala moja, akamuuliza Nkirote kama huyo mama huwapo Jumamosi pia. Nkirote alisema ataulizia.

Meneja wa duka, Griffins, mtu wa Ugunja, mrefu na mpole, ambaye Jumapili husali kanisa moja na Nkirote, alitoka ofisini kuangalia kelele ni za nini.

"Huyo ni volunteer ama?" aliuliza.

"Sijui, boss. Amekuja na piano."

"Ako na vest?"

"Hana."

"Mpatie. Mtu hawezi kuwa kwa floor bila vest."

Basi mwanamke yule akapewa kizibao cha kijani cha duka, akakivaa juu ya blauzi yake bila kuacha kupiga, mkono mmoja kwanza, wa pili baadaye.

Jina lake, Alma, Nkirote alilipata wakati wa mapumziko, alipompelekea chai ya tangawizi. Alma hakuinywa. Alikishika kikombe kwa viganja viwili mpaka kikapoa, na alipokuwa amekishika aliongea, kwa Kiingereza cha mabibi wa zamani, taratibu, kama mtu anayeeleza kwa nini basi limechelewa. Zamani hizo, alisema, redio haijaingia majumbani, biashara ya muziki ilikuwa biashara ya karatasi. Mtu akiupenda wimbo anainunua karatasi yake, anakwenda kuupiga nyumbani kwenye piano yake. Lakini hawezi kuupenda asiousikia, ndiyo maana wachapishaji waliweka wasichana kwenye maduka makubwa ya mjini, kazi yao kupiga na kuimba siku nzima mbele ya kaunta. Mzee Dahlgren alikuwa na sharti moja tu: msichana haondoki kwenye kiti na kaunta ina nakala. Ilipokuja ile homa kubwa ya mwaka wa 1918 wanunuzi walijifungia majumbani, na bunda likawa halipungui. Alma aliimba na homa, akaimba na kikohozi, akafa kwenye ubeti wa pili. Mzee Dahlgren alisikitika sana, akamwondoa, akalifungia bunda ndani ya kiti.

"Na sasa?" Nkirote aliuliza.

"Sasa umelifungua," Alma alisema.

Hakusema kwa kulaumu. Aliinua tu sketi yake kidogo, Nkirote akaona miguu yake imeganda kwenye kanyagio za piano, viatu na chuma vimekuwa kitu kimoja. Alisema koo linamuuma. Kisha akarudisha kikombe akaendelea, maana mteja alikuwa amekaribia.

Hapa inafaa kusema jambo la Nkirote mwenyewe. Mama yake alizikwa kwao Nkubu, Kenya, mwezi wa Agosti. Karatasi za uhamiaji za Nkirote zilikuwa bado, na anayetoka Marekani bila karatasi hizo harudi, kwa hiyo aliyatazama mazishi kwenye simu, alfajiri, jikoni mwa nyumba ya wazee ya Champlin anakofanya kazi yake ya pili, simu ameiegemeza kwenye chupa ya ketchup. Jeneza lilipokuwa linashuka, kengele ya mgonjwa ililia. Alikwenda akambadilisha, akamfunika, na aliporudi watu wa Nkubu walikuwa wanagawana wali. Tangu siku hiyo hakulia hata chozi. Chakula kilikuwa chakula na theluji ilikuwa theluji. Alikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila yake ilikuwa ya mwili mzima. Watu wa kanisani walimsifu kwamba amejikaza.

Alimtazama Alma wiki nzima. Kila nakala iliponunuliwa, kikohozi chake kilipungua kidogo, lakini wanunuzi walikuwa wa kubahatisha, mtu mmoja leo wa kutundika jalada ukutani, kesho hakuna. Kwa mwendo huo angekaa pale mpaka duka livunjwe. Nkirote aligundua kwamba kuna kitu anakitaka, jambo ambalo hakuwa amelisikia moyoni kwa miezi. Alitaka mwanamke mmoja, yeyote, alazwe chini vizuri, na yeye awepo akiona.

Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa lao la Brooklyn Park, alimfuata Chepkemoi. Chepkemoi ni nesi, na ni mweka hazina wa kikundi cha kusaidiana. Akifa Mkenya Minnesota, yeye ndiye anayeanzisha mchango wa kumrudisha nyumbani, na hajawahi kushindwa. Alikuwa anapanga mandazi.

"Mum, kuna marehemu pale kazini hajapumzishwa," Nkirote alisema.

"Woi, pole. Ni mtu wetu?"

"Ni wa kazini."

"Sawa, si ni mtu tu. Body iko wapi?"

"Imekaa kwa piano."

"Na inaenda wapi? Ni ticket inataka ama ni plot ya kuzikwa?"

"Haiendi mbali. Inataka tu zile karatasi zake zinunuliwe zote."

Chepkemoi alifikiri akiwa ameshika andazi. "Hiyo si ngumu," alisema. "Ile ya Nairobi ilikuwa ngumu."

Jioni ile kundi la WhatsApp lilikuwa limeshafunguliwa, likaitwa Alma Apumzike. Watu waliweka mishumaa na poleni sana. Mmoja aliweka tangazo la viwanja vya Kitengela akaombwa alitoe, akalitoa. Wengine waliuliza Alma alikuwa wa ukoo gani, Chepkemoi akawajibu kwamba alikuwa mfanyakazi mwenzetu, na hilo likatosha.

Jumamosi walikuja. Walikuja kutoka Maplewood na Shakopee na Brooklyn Park, wengine na sare za hospitali kwa kuwa walikuwa wanatoka zamu, wengine na watoto waliouliza kwa Kiingereza wataondoka lini. Walipanga foleni kwa adabu mbele ya piano kama watu wanaoaga mwili, na kila mmoja alipofika alichukua nakala mbili, tatu, akainamisha kichwa, akaenda kulipa. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma noti. Griffins mwenyewe alitoka ofisini, akavua kofia, akanunua tano. Akaomba pia kusali kwa kifupi, akasali kwa kirefu.

Nkirote alikuwa kwenye mashine ya kulipia na hakuinua macho mara nyingi. Aliposikia kikohozi kimekwisha kabisa alitazama, akaona mguu wa kushoto wa Alma umetoka kwenye kanyagio na unachezeshwa polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Nakala ya mwisho aliichukua Chepkemoi. Alma alimaliza kiitikio, akaondoa mguu wa kulia, akafunga kifuniko cha piano, akasimama. Alikuwa mfupi kuliko walivyodhani. Alivua kizibao cha duka akakikunja vizuri, akakiweka kwenye kiti, akatembea katikati yao hadi mlangoni. Mlango ulimfungukia wenyewe, kama unavyomfungukia kila mtu, akatoka kwenye maegesho, theluji ikianguka, akapita magari, akawa haonekani tena.

Mama mmoja alianzisha wimbo wa maziko na wengine wakapokea. Nkirote, mikono yake juu ya mashine, alisikia vidole vinamwasha. Baadaye mashavu yake yakawa yameloa. Alilia palepale mbele ya mteja aliyekuwa amebeba taa mbili, na mteja akangoja. Alimlilia mama yake kwa jina, na jioni alipokula ugali ulikuwa na ladha ya ugali. Alilala. Jumapili alikuwa mtu mzima anayeumwa na jambo linaloeleweka, na alishukuru.

Jumatatu alikuwa na siku ya kupumzika. Jumanne, siku ya wazee, alifika kazini akamkuta Griffins nyuma ya duka, karibu na mashine ya kutoa kopi. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Juu yake ilikuwa imelazwa nakala moja ya Alma, mojawapo ya zile tano alizonunua Griffins, na upande wa pili karatasi zilikuwa zinatoka, msichana na kofia yake pana, msichana na kofia yake pana.

"Hiyo ni nini?" Nkirote aliuliza.

"Ofisi ya juu walinipigia jana," Griffins alisema. Hakumtazama usoni. "Wameona Saturday. Wanasema hakuna item imewahi kuuza hivyo Oakdale. Wanataka ikae kwa floor."

"Si ziliisha?"

"Niliwaambia zimeisha. Wakaniambia ni-print. Wimbo ni wa kitambo sana, hauna mwenyewe tena. Watu wa legal waliangalia. Wimbo uko free."

"Na yeye?"

Griffins alinyoosha kona ya karatasi. "Yeye hayuko kwa hiyo law," alisema.

"Griffins, huyu mtu tulishamzika."

"Najua. Nilikuwa hapo. Nilichanga." Aliichukua karatasi nyingine iliyotoka, akaiweka juu ya wenzake. "Shida ni mlikuja wote mara moja. Mngenunua pole pole, moja leo, moja next week, hakuna mtu huko juu angenotice. Na mimi natumwa tu, unajua."

Nkirote alitoka nje kwenye baridi akampigia Chepkemoi. Chepkemoi alisikiliza hadi mwisho. Alisema amesikitika, na sauti yake ilionyesha amesikitika kweli. Lakini katiba ya kikundi ilikuwa wazi, mtu huchangiwa mara moja, na hata wangechanga tena, hiyo mashine si itatoa zingine? Nkirote alisema ndiyo, itatoa. Kisha Chepkemoi akasema anaingia zamu. Jioni kundi la Alma Apumzike lilifungwa.

Aliporudi ndani, Griffins alimpa bunda alipeleke. Angeweza kukataa. Aliwaza karatasi zake za uhamiaji, akawaza na kodi ya nyumba ya mwezi wa kwanza, akalipokea. Lilikuwa zito kidogo kuliko lile la kamba ya katani.

Alma alikuwa ameshakaa. Kizibao cha kijani alikuwa amekivaa, na theluji ya maegesho ilikuwa bado mabegani mwake, haiyeyuki. Miguu yake ilikuwa kwenye kanyagio. Alimtazama Nkirote kama mfanyakazi anavyomtazama mwenzake ratiba ikibadilishwa.

"Ni nyingi?" aliuliza.

"Zikiisha tutatoa zingine," Griffins alisema kwa upole, nyuma ya Nkirote.

Alma alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Nkirote aliliweka bunda juu ya piano. Karatasi zilikuwa na joto la mashine, na Alma aliweka viganja vyake viwili juu yake, akavipasha. Kisha akakohoa, akaanza ubeti wa kwanza.

Nkirote alikwenda kwenye mashine ya kulipia. Alijigusa vidole, akavikuta vimerudia ganzi, akavaa glavu zake za kazi. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule mzee wa kofia ya hoki, ana nakala mkononi, na alikumbuka kwamba hakujibiwa swali lake. Aliuliza tena kama huyo mama huwapo Jumamosi.

"Yupo," Nkirote alisema. "Yupo kila siku."

Mzee alifurahi. Nkirote akampunguzia bei yake ya uzee, akampa risiti, akamwita anayefuata.