Mpira Nyuma ya Mtoto

Tangu mtoto wake apone surua, Asmahani hakupata usingizi wa raha. Ukimwita haitiki, hageuki, hapepesi hata jicho. Pale mtaani Ngamiani majirani walishaanza kunong'ona kwamba homa imemla masikio. Mama mkwe wake, Bi Mwatumu, alitaka mafuta ya karafuu yapashwe moto atiwe masikioni, na Asmahani akamwomba wangoje kidogo.

Alikuwa akisoma darasa la jioni kule Chumbageni. Wiki ile Mwalimu Lea alidundisha mpira mezani, akawaeleza wanawake kwamba hauwezi kurudi juu hadi ulikotoka. Kila ukigonga, nguvu yake kidogo hubaki chini, nyingine hutoka kwa kishindo. Ndiyo maana kila mdundo huwa mfupi kuliko uliotangulia, midundo ikafukuzana mpaka ikatulia. Wenzake walicheka, wakauliza elimu hiyo inaliwa kwa mboga gani. Asmahani hakucheka.

Kesho yake alasiri, Bi Mwatumu akitazama, alimkalisha mtoto sakafuni akiwapa mgongo, akauachia mpira nyuma yake. Du. Du. Du, du, dududu. Kichwa cha mtoto kikaanza kuitikia, polepole, kisha mbio, mpaka mpira uliponyamaza nacho kikatulia.

"Sakafu hiyo inamtikisa," alisema Bi Mwatumu. "Usijipe moyo, mwanangu."

Huenda kweli, nguvu inayobaki chini hupita kwenye saruji. Asmahani akamwomba mkwewe ampakate mtoto kitandani, juu ya godoro la sufi, amlaze uso begani. Akauachia mpira tena. Safari hii mtoto alijinyonga, akageuka, akanyoosha mkono kuutaka.

Asmahani akakaa chini, akamshukuru Mungu.

"Basi mbona haitiki akiitwa?" Bi Mwatumu aliuliza, machozi yanamlenga.

Ndipo Asmahani akakumbuka. Mtoto alipozidiwa walimbadilisha jina, maana lile la kwanza, la babu yake, lilionekana zito kwake, ndilo linalomuuguza, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kulitamka. Nyumba nzima ilikuwa ikimwita Uweso, naye hajui Uweso ni nani.

"Mama, tunamwita mtu mwingine."

Bi Mwatumu akacheka hata kanga ikamdondoka kichwani. Akauchukua mpira, akaudundisha mwenyewe, na kwa kila mdundo akamtajia mjukuu wake: Uweso, Uweso. Midundo ilipoanza kufukuzana ulimi ukamshinda, na mtoto akaangua kicheko.