Somo Alilokosa Mke wa Seremala

Mke wa seremala na wifi yake walikuwa chanda na pete. Wote walifungasha sabuni katika kiwanda kimoja, na meneja alipotangaza nafasi moja ya kusomea ufundi wa mitambo, walijiandikisha pamoja kwenye darasa la jioni la fizikia.

"Akipata mmoja, tumepata wote," wifi alisema.

Usaili ulipokaribia, mama mkwe akashikwa na homa. Alikuwa mama mzazi wa wifi, lakini aliyebaki kumkanda na kumnywesha uji ni mke wa seremala. Wifi akaenda darasani peke yake. Aliporudi, mwenzake akamuuliza wamefundishwa nini.

Wifi alikuwa anavua viatu, hakuinua uso. "Spidi na velositi. Usijisumbue, ni kitu kimoja, majina tu ndiyo mawili."

Akaamini. Angeanzaje kumshuku mtu anayekula naye sahani moja?

Siku ya usaili alitangulia yeye kuingia. Mhandisi, mama mpole mwenye miwani, akamuuliza: foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, imetoka ghalani, imezunguka kiwanda kizima, imerudi palepale ilipoanzia. Velositi yake ya wastani ni ngapi? Mke wa seremala akagawa umbali wote aliotajiwa kwa muda, akajibu bila kusita.

Mhandisi akatikisa kichwa, akamweleza taratibu kwamba hiyo aliyoitaja ni spidi. Spidi haijali unaelekea wapi. Velositi inajali: inapima umehama kiasi gani kutoka ulipoanzia kwa muda fulani, na kwa upande gani. Foklifti iliyorudi ilikotoka haijahama hata kidogo, kwa hiyo velositi yake ya wastani ni sifuri, hata kama dereva katoka jasho.

Mke wa seremala akatoka, akaketi kwenye benchi la nje. Mlango haukufungika vizuri. Alisikia swali lilelile likiulizwa, na sauti ya wifi yake ikijibu, tena kwa madaha: "Sifuri. Spidi na velositi ni vitu viwili tofauti."

Wifi alipotoka na kumkuta pale, tabasamu likamkauka.

"Ulijua," mke wa seremala akasema.

"Nafasi ilikuwa moja, wifi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekwambia. Mimi nilikuwa namuuguza mama yako."

Wifi akashika njia.

Nafasi akapewa wifi. Mke wa seremala alipomsimulia mumewe, alitarajia japo neno moja la kumpoza. Seremala aliendelea kupiga randa, akasema yule ni dada yake, damu haikatwi, na yaliyopita si ndwele. Hilo lilimuuma kuliko usaili.

Muhula uliofuata alijiandikisha tena, safari hii peke yake. Mumewe alipouliza jioni mama, aliyeachwa dhaifu na homa, ataangaliwa na nani, alimjibu kwamba mama ana binti, kisha akaenda darasani.