Mpe Jina la Gordon

Jumapili ile mimi ndiye niliyemburura mume wangu Patrobas hadi kibanda cha muvi cha Jackton, hapa mtaani Baba Dogo, kwa hivyo lawama nibebe mwenyewe. Tangu astaafu usajini alikuwa anajifungia kwenye nyumba kama kuku anayeatamia. Nikamwambia, Baba Celine, amka, kuna muvi ya jeshi, watu wanasema ni ya kuvunja mbavu. Vaa shati ukacheke na wenzako.

Sikujua Akech angekuwa huko. Ningejua, ningebaki nifue nguo.

Akech ni Mama Gordon, jirani yetu wa ploti. Gordon alikuwa askari chini ya mume wangu, akafia kwenye daraja huko mpakani, sasa miaka mitatu. Ripoti ilisema alikaidi amri, akavuka bila kutumwa. Kwa sababu ya maneno hayo alizikwa bila bendera wala risasi za heshima, na shemeji zake Akech wakatangaza palepale kaburini kwamba mtoto huyo alikuwa kichwa ngumu tangu utotoni. Akech hajakanyaga kwa shemeji hao tena. Na ripoti ilikuwa uongo mtupu! Kijana alitumwa. Mume wangu alijua, maana ndiye aliyeitia sahihi, na mimi nilijua, maana aliniambia. Nikamwambia afunge mdomo. Niliogopa wangemfunga.

Sasa, kwa Jackton muvi za wazungu haziendi hivihivi. Yeye husimama kando ya skrini na maiki, akamtilia kila mtu Kiswahili mdomoni, na kabla hajaanza watazamaji ndio hutoa majina.

"Niaje watu wangu! Huyu mnono mwenye medali mpaka kwa pajama, tumwite nani?"

"Jenerali Kitambi!"

"Na sajini wake?"

"Si tuko na sajini wetu hapa! Sajini Patrobas!"

Makofi yakapigwa. Mume wangu akatoa meno, basi.

"Na huyu kijana msafi?"

Akech akasimama. "Jackton mwanangu, mpe jina la Gordon. Nataka nisikie akiitwa."

Jackton akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaangalia mlango.

Mwanzoni ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Jenerali Kitambi anaendesha vita kutoka ofisini, simu tatu mezani, anapakwa poda kabla ya kutoa amri ili picha zitoke vizuri. Wanaume wa viwandani walicheka mpaka wakawa wanapigana mgongoni. "Ni hao! Ni hao kabisa!" Kila Gordon alipotokea, Akech alipaza sauti, "Huyo wangu huyo!" Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu mazishi.

Kisha likaja daraja. Lo! Nilimshika mume wangu mkono. "Twende nyumbani." Hakusonga.

"Afande, hilo daraja limetegwa bomu!" Jackton akapaza sauti ya sajini. Kisha akaitia sauti kitambi, akawa Jenerali. "Sajini Patrobas, waandishi wa habari wanafika saa kumi. Nataka picha ya kijana akivuka. Tuma Gordon!"

"Lakini afande..."

"Tuma!"

Daraja likalipuka, na watu wakacheka, maana kule ofisini medali ya Jenerali ilitumbukia kwenye chai. Jenerali akaitoa kwa kijiko. "Andika hivi," akasema. "Kijana alivuka bila kutumwa. Sajini, tia sahihi." Sajini wa muvi akatia sahihi, ulimi nje kama mtoto wa nasari anayejifunza kuandika. Kibanda kilitaka kubomoka kwa kicheko.

Akech alikuwa ameacha kucheka. Hakuangalia skrini tena. Alimwangalia mume wangu, na mume wangu alikuwa analia mdomo wazi, kamasi zinamtoka wala hajipangusi.

"Jackton, zima," Akech akasema.

Jackton alidhani ni utani.

"Nimesema zima!"

Akazima. Akech akauliza polepole, "Sajini, unalia nini?"

"Ni muvi tu, Mama Gordon," nikarukia. "Ya kutungwa. Huyu macho yanamsumbua."

"Sijakuuliza wewe, Mama Celine."

Patrobas akasimama, mikono imenyooka ubavuni. "Alitumwa, mama. Nilimwambia mkubwa wetu daraja limetegwa, akasema tuma. Nikamtuma. Halafu nikatia sahihi."

Mtu nyuma yetu akasema, "Yesu wangu." Nilidhani Akech atampiga. Nilitaka ampige, yaishe. Badala yake alimpokonya Jackton maiki, akampa mume wangu.

"Rudia kwa sauti, na jina lake lote. Walioongea kaburini hawakunong'ona."

"Gordon Owiti hakukaidi amri," Patrobas akasema, na spika ya nje ikayapeleka maneno hadi barabarani. "Alitii. Mimi, Sajini Patrobas Shiundu, niliandika uongo."

Akech akainama, akashika magoti, akapumua kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Asante." Nikafikiri tumepona.

Ndipo akanigeukia.

"Kila Alhamisi ulikuja kwangu tuombe. Tuliomba Mungu amsamehe Gordon ule ukaidi. Miaka mitatu, Nekesa, unanishika mkono, unasema amina. Ulijua?"

Mimi huyu, ambaye mdomo wangu ploti nzima wanauogopa, sikuweza kumdanganya tena.

"Nilijua," nikasema.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliokota kitambaa chake cha kichwa kilichoanguka alipoinama, akamwambia mume wangu, "Twende nyumbani kwangu, Sajini. Utaongea na shemeji zangu kwa simu." Wakatoka pamoja, na watu wakawapisha.

Mimi nikabaki kwenye benchi. Waliokuwa wameketi karibu yangu wakaanza kuhama, mmoja mmoja.