Friji ya Afande Jale

Chupa kumi na moja za insulini zilikuwa zimeganda kama mawe, na mbili kati yake zilikuwa zimepasuka. Ocokoru alizitoa moja moja kutoka kwenye friji, akazipanga juu ya gazeti kuukuu. Vidole vilimuuma kwa baridi, ilhali nje jua la Februari lilikuwa limeshaanza kuichoma Arua na saa mbili haijafika. Barafu ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Wiki nzima mashine ile ilikuwa ikinguruma usiku na mchana bila kupumzika, na sasa alijua kwa nini.

Fundi Igga alipiga magoti nyuma ya friji, akachokonoa kwa bisibisi, kisha akakaa chini akijifuta jasho.

"Temostati imekufa, dada. Mashine hii haijui tena wakati ya kusimama. Itagandisha kila kitu mpaka mota iungue."

"Spea iko?"

Igga alicheka bila furaha. "Tangu Wahindi waende, spea iko wapi? Kampala yenyewe hakuna."

Ocokoru alikuwa na mwaka wa tisa katika duka lile la dawa. Saba ya kwanza alikuwa chini ya mwenye duka wa zamani, Mhindi mmoja mkali aliyemfundisha kusoma vibandiko, kupima kwa kijiko na kukataa kuuza pale anapokuwa na shaka. Mwaka sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa nchini, yule bwana aliondoka na masanduku mawili. Duka, pamoja na friji, rafu na mizani, akagawiwa Sajini Jale, dereva wa malori ya jeshi. Jale hakuwahi kusoma kibandiko hata kimoja. Ndiyo maana Ocokoru alibaki.

Aliikumbatia chupa moja viganjani mpaka ikayeyuka. Dawa ile ilipaswa kuwa angavu kama maji. Sasa vipande vyeupe vilielea ndani yake, kama maziwa yaliyokatika. Aliitikisa, havikuyeyuka. Bwana wa zamani alimwambia mara nyingi: ikishaganda, imekufa, hata ukiirudisha kwenye joto haifufuki.

Akachukua karatasi na kalamu ya wino, akaandika kwa herufi kubwa: FRIJI IMEHARIBIKA. SINDANO ZA SUKARI ZIMEHARIBIKA. ALIYENUNUA WIKI HII ARUDISHE. Akaibandika kwenye kioo cha mlango kwa gundi.

Santo, aliyekuwa akiuza naye, aliisoma kwa kusogeza midomo.

"Umeuliza afande?"

"Nimuulize nini? Anayejidunga ni afande?"

Santo alianza kupanga upya aspirini ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jale alifika saa nne. Walimsikia kabla ya kumwona: breki za gari, kisha ukimya, kisha karatasi ikichanwa. Akaingia nayo mkononi, imekunjwa kama takataka.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, afande."

"Nani alikutuma kusema na watu?"

"Afande, friji imegandisha dawa. Mtu wa sukari akijidunga hii ni kama amejidunga maji. Atakufa huku anadhani amepata dawa."

"Mimi sikuuliza dawa. Nauliza nani alikutuma." Alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Mwisho wa mwezi wakubwa wanatoka Kampala. Wanapita duka kwa duka, wanaangalia kama sisi tunaweza. Duka ya kuharibika wanachukua, wanapatia mwingine. Mimi niliweka sahihi kwamba kila kitu hapa kinafanya kazi. Sasa wewe unaandika kwa mlango yangu kwamba mimi ni mwongo?"

"Sikuandika jina lako, afande."

Alimpiga kofi moja. Halikuwa kubwa. Lilikuwa kofi la mtu anayefunga mlango uliokuwa ukipigapiga kwa upepo. Kisha akamgeukia Santo, ambaye mikono yake ilikuwa imegandia kwenye aspirini.

"Na wewe sikia. Mutu akiuliza, friji iko sawa. Dawa iko. Maneno ni hiyo tu. Mwenye kusema ingine, nitajua ni adui anaharibu uchumi. Adui mnajua anaenda wapi."

Walijua. Kila mtu mjini alijua, na hapakuwa na haja ya kupataja.

Wakapangusa chupa tisa, wakazirudisha. Zile mbili zilizopasuka Jale mwenyewe alizitupa mtaroni.

Alhamisi alikuja Sidonie. Alikuja kila Alhamisi ya pili kutoka Koboko, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, aliyevuka mpaka miaka mingi iliyopita na sasa akiuza samaki wakavu nyuma ya soko. Mumewe, Albert, alikuwa ng'ambo ya mpaka akitafuta mali, haonekani mwezi mzima. Sidonie alikuwa akimpa Ocokoru habari za Koboko kama vile ni ndugu yake.

"Dada, yangu iko? Ile ya nyumbani imebakia ya siku mbili."

Jale alikuwa ameketi kwenye kiti cha kona, kofia magotini, akimtazama Ocokoru. Hakuwa akimtazama Sidonie hata kidogo.

"Iko," alisema Ocokoru.

Alifungua friji. Aliifunga chupa kwenye karatasi, kama alivyofanya siku zote, akaisukuma juu ya kaunta. Alitaka kusema neno moja tu. Nenda hospitali. Usiitumie. Badala yake alipokea pesa, na Sidonie akaitia chupa kwenye kikapu, akamwachia samaki mmoja mkubwa wa zawadi.

"Ule na watoto."

Samaki yule Ocokoru hakumla. Alikaa naye siku tatu, harufu yake ikijaa nyumba nzima, kisha akamzika kwenye shamba la mihogo kama mtu anayeficha kitu alichoiba. Siku zilipita. Kila asubuhi alikwenda kazini akisema leo nitatafuta mtu wa kumtuma Koboko. Kila jioni alirudi hajamtuma mtu, maana ni nani angepewa ujumbe kama ule asiurudishe kwa Jale?

Siku ya kumi, Jumapili, hakwenda kanisani. Alidandia lori la chumvi, akateremka Koboko mchana, akauliza nyumba ya Sidonie mama wa samaki.

Alimkuta amelala kwenye mkeka mlangoni, ndoo ya maji kando yake na kata mkononi. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikuwa akipumua kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyetoka kupanda kilima, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyooza.

"Dada," alisema Sidonie, akijaribu kutabasamu. "Umenifuata huku? Ile dawa haina nguvu. Nimeongeza kipimo, nimeongeza tena. Bado nakunywa maji tu, nakojoa maji tu."

Ocokoru alipiga magoti. "Dawa ilikufa. Friji iliharibika. Ilikuwa imekufa hata kabla sijakupa."

Sidonie aliweka kata chini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile nilisimama mbele yako, ulijua?"

"Afande alikuwa amekaa pale."

"Mimi pia nilikuwa nimesimama pale," alisema Sidonie. "Mimi pia ni mutu."

Aligeuza uso ukutani, na ile pumzi kubwa ikaendelea. Ocokoru alikimbia barabarani, akasimamisha pikapu iliyobeba magunia ya muhogo kutoka Dranya, akamsihi dereva awafikishe Arua, akambeba mgongoni yule mwanamke ambaye sasa alikuwa mwepesi kama tita la majani.

Hospitalini, daktari alikuwa ameondoka nchini tangu mwaka uliopita. Mganga msaidizi, Obeti, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimlaza Sidonie kwenye ushoroba kwa sababu vitanda vilijaa. Akamtundikia maji ya chumvi, akaandika karatasi.

"Anahitaji insulini haraka. Sisi hatuna. Mkanunue kwenye duka la dawa."

"Lipi?"

"Lipo moja tu."

"Mimi nafanya kazi pale! Dawa ya pale imeganda, imekufa, ndiyo iliyomleta hapa. Andika hivyo. Andika kwenye karatasi kwamba dawa ya lile duka isitumike, ili watu wajue."

Obeti alitazama huku na huku. Akateremsha sauti.

"Mama, hilo siwezi kuandika. Nikiandika, nitaulizwa nilijuaje. Mimi naandika jina la dawa. Mahali pa kuipata si kazi yangu."

"Kampala je? Hakuna simu?"

"Simu ni ya posta, na laini ya Kampala ina wiki mbili haishiki." Aliiweka karatasi chini ya mto wa Sidonie. "Ndugu yake akija, atapewa."

Jumatatu wakubwa walikuja. Watatu, suti za kijivu, viatu vilivyotiwa vumbi la Arua kwa mara ya kwanza. Ocokoru alifika nao wamesimama mbele ya friji. Mmoja alifungua mlango, taa ya ndani ikawaka, ubaridi ukamgusa usoni akafumba macho kwa raha.

"Baridi safi," alisema. "Hii ni mashine ya kweli."

"Imeharibika," alisema Ocokoru kutoka mlangoni. Wateja wanne walikuwapo, na aliwageukia wao, akapaza sauti. "Sikieni nyote. Friji hii imeharibika wiki mbili sasa. Inagandisha dawa. Mimi mwenyewe nimeuza dawa iliyokufa, na mwanamke yuko hospitali anakufa. Msinunue sindano hapa. Waambieni na wengine."

Mteja mmoja aliweka chini alichokuwa ameshika, akatoka kimya, mwingine akamfuata. Mkubwa wa suti hakumtazama Ocokoru. Alimtazama Jale.

"Huyu nani?"

"Mfanyakazi, bwana. Nilifukuza yeye kwa wizi."

"Santo!" Ocokoru aliita. "Santo, sema!"

Santo alikuwa nyuma ya kaunta. Alifungua kinywa. Akaangalia kofia ya Jale, akaangalia sakafu.

"Friji iko sawa," alisema.

Askari wawili walimkamata Ocokoru mikono kabla hajafika barabarani.

Kwenye kituo, koplo aliyekuwa akiandika maelezo hakuwa mtu mkali. Alimpa hata stuli ya kukalia. Kosa lilikuwa limeshaandikwa juu ya ukurasa: kuharibu mashine ya duka kwa makusudi na kueneza uvumi.

"Andika na jina la mgonjwa," alisema Ocokoru. "Sidonie, wa Koboko."

"Ni raia wa hapa?"

"Alitoka ng'ambo ya mpaka."

"Basi hakuna haja." Akachovya kalamu. "Jina la baba yako?"

Dirisha lilikuwa wazi. Ocokoru aliona mwanamume akija mbio kutoka upande wa hospitali, suruali imejaa vumbi la safari, karatasi mkononi. Alisimama kwa askari wa getini, akihema.

"Samahani, mukubwa. Mimi Albert. Bibi yangu iko hospitali, nimefika sasa hivi. Wamenipa hii karatasi. Duka ya dawa iko wapi?"

Askari aliichukua karatasi, akaisoma, akamwonea huruma. Akatoka getini kabisa, akanyoosha mkono.

"Pita msikiti, baba, kata kulia. Mlango wa kijani. Kimbia, watafunga kwa chakula."

"Albert!" Ocokoru aliruka juu, stuli ikaanguka. "Albert, usi—"

Koplo alinyoosha mkono akafunga dirisha. Kupitia kioo kilichojaa vumbi Ocokoru alimwona yule mwanamume akimshika askari mkono kwa mikono yote miwili, akimshukuru, kisha akigeuka na kukimbia.

"Jina la baba yako," alisema koplo. "Taratibu, niandike vizuri."